Kaa Ndani ya Ngumi

Mwenye mvukuto haoni cheche zinapotua. Mmeisikia leo gulioni, mkacheka pamoja na waliocheka. Hamkujua kwamba mliokuwa mkichekwa ni ninyi. Methali hiyo ilizaliwa katika ukoo wetu, wala haikuzaliwa kwa jambo la kujivunia. Kwa kuwa mmeniuliza ilikotoka, kaeni niwaeleze, na msitarajie kwamba shangazi yenu ataipamba.

Babu wa babu yenu aliitwa Kiangi. Alikuwa mhunzi kijana huku huku milimani Upare, fundi wa majembe na miundu, mwenye mkono hodari na kinywa kisichopoa. Jembe likimtokea zuri alilisifu mwenyewe kabla mteja hajafungua mdomo. Mwaka mmoja ukoo ulimpa kipande cha mteremko, msitu wa mikenge na vichaka, kwa sharti kwamba akisafishe na kukipanda kabla mvua za vuli hazijashika. Akichelewa, kipande kingerudi mikononi mwa wazee na kupewa mwingine. Miti aliiangusha. Magogo mazuri aliyatoa. Yakabaki marundo ya matawi, magamba na visiki vibichi, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilele.

Desturi yetu mnaijua. Mtu akitaka kuchoma taka za shamba jipya, hupiga mbiu ya msaragambo, majirani wakaja kumsaidia na matawi mabichi na vibuyu vya maji. Anayeitwa kwanza ni yule ambaye nyumba yake iko upande unakokwenda upepo, kwa sababu yeye ndiye atakayesimama kuangalia cheche. Kisha moto huachwa ule taratibu, rundo baada ya rundo.

Kiangi hakuitaka taratibu hiyo. Akaubeba mvukuto wake kutoka kiwandani, viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, akachimba shimo, akalaza mabomba ya udongo chini yake, akalijaza matawi na visiki, akawasha. Alipoanza kuvukuta, moto ulinguruma kama uliotukanwa. Visiki ambavyo vingetoa moshi siku nyingi vilikuwa vyekundu mpaka moyoni kabla jua halijapanda sana. Moshi wenyewe ulikuwa haba. Rundo likiisha, alivuta jingine akalitupia shimoni. Kwa kweli ulikuwa ufundi, siwezi kumnyima hilo.

Mzee Mrindoko, aliyekuwa akipita kwenda kwenye mfereji, akasimama kutazama.

"Kiangi, leo unafua jembe au unafua shamba?"

"Nafua uvivu wenu, mzee. Ninyi rundo hili mngelibembeleza mpaka masika."

"Na jirani yako wa chini umemwambia?"

"Nimwambie nini? Upepo huu ni wangu, nautoa kwenye kiriba. Unakwenda ninakoutuma."

"Haya. Basi uambie usichelewe kurudi," akasema Mzee Mrindoko, akaenda zake akicheka.

Jirani wa chini alikuwa mjane, jina lake Naetwe. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ghala dogo lililoinuliwa juu ya miguu ya miti na kuezekwa matete na majani makavu ya mgomba. Humo ndimo ilimokaa mbegu yake yote ya msimu, maharage na mahindi. Mchana Naetwe alichungulia juu akamwona kijana peke yake anafanya kazi ya watu wengi. Akapakua makande, akafunga mlango, akapanda mteremko.

"Mwanangu, kula. Nguvu za mvukuto hazitoki hewani."

"Ahsante, mama. Umeona jinsi moto unavyonitii?"

"Nimeuona. Kula kwanza."

Kiangi akala kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa bado unavukuta. Hakuuliza nyumbani kwake amebaki nani. Hakubaki mtu. Naetwe alikuwa ameupa mgongo mteremko, na Kiangi macho yake yalikuwa shimoni. Alipoyainua kurudisha bakuli, aliona moshi nyuma ya bega la yule mama.

Alikimbia. Alifika wa kwanza, akaparamia ghala, akaling'oa paa kwa mikono mitupu, akatupa chini matete yanayowaka. Lakini moto ulikuwa umekwisha kuingia ndani, na harufu ya maharage yaliyokaangika ikajaa uani. Hapo ndipo alipokiona. Katikati ya majani ya mgomba kulikuwa na kipande cha gamba la mkenge, chekundu upande mmoja, kidogo kuliko kidole gumba. Alikitambua kama mtu anavyotambua sauti yake. Akasikia watu wanakuja. Akakifumbata.

Watu wakazima moto, wakasimama kutazama. Mzee Mrindoko akauliza moto umetoka wapi.

"Nadhani ni mimi," akasema Naetwe. "Niliondoka jikoni kwa haraka. Sikufunika moto vizuri."

Kiangi akazidi kuikaza ngumi.

"Mbegu zimekwenda," Naetwe akaendelea, "lakini nimepata mtoto. Mtazameni. Ameacha shamba lake, na mvua hiyo inakuja, akanipandia paa linalowaka."

Watu wakamsifu. Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe tulimwonea, tukamwita mwenye majivuno." Kiangi akainamisha kichwa, wao wakadhani ni adabu. Ndani ya ngumi nyama yake ilikuwa inaungua.

Naetwe akauona ule mkono. Akaleta asali.

"Fungua nikupake."

"Si kitu, mama. Utapoa."

"Wewe umeungua kwa ajili yangu, halafu unaniambia si kitu? Fungua."

Akaushika mkono wake, akakunjua kidole kimoja, kisha cha pili. Kipande kikaanguka miguuni pake. Akakiokota, akakigeuza, akapangusa majivu.

"Gamba la mkenge," akasema. "Paa langu ni matete na migomba tu."

Juu mteremkoni shimo lilikuwa bado linawaka. Naetwe alilitazama, kisha akamtazama kijana.

"Mwenye mvukuto haoni cheche zinapotua," akasema. "Hilo ningekusamehe kabla hujaomba. Lakini hii uliiona."

Kisha, wanangu, akampaka asali vilevile, kiganja chote, bila haraka. Kiangi aliwahi kusema kwamba afadhali angepigwa.

Mnajua kwamba huku kwetu anayeomba mbegu haombi tu. Lazima aseme zake zimepatwa na nini, ili mwenye kutoa ajue kama anampa mtu au anamwaga shimoni. Kiangi alimwambia Naetwe asiondoke nyumbani, yeye ndiye atakayekwenda kumwombea. Akaenda mlango kwa mlango, na kila mlangoni ilimbidi aeleze: maharage ya Naetwe yameungua, nimeyachoma mimi, kisha nikaficha, akataka kuibeba lawama yangu nami nikamwacha aibebe. Yule mhunzi asiyepoa mdomo alikuwa akisema akitazama kizingiti. Watu walimpa, huyu kibaba, yule konzi. Na walipokuwa wakimmiminia, waliyarudia maneno ya yule mama, wengine kwa huruma, wengine kwa kicheko. Hivyo ndivyo maneno yalivyotembea mbali kuliko mbegu zenyewe.

Mvua ilimkuta bado yumo njiani na kapu. Alipanda shamba la Naetwe kwanza, mpaka mstari wa mwisho. La kwake, lililokuwa jeupe kwa majivu na safi kuliko yote mlimani, halikuotesha hata mche. Wazee wakalichukua, wakampa mwingine. Mnalipita kila mkienda kuchota maji, na hapo ndipo mnaposhangaa kwa nini baba zenu hawalitazami.

Kwa hiyo mkitupiwa maneno hayo tena gulioni, msijibu, wala msicheke. Na msiyatumie kama nilivyomsikia mmoja wenu akiyatumia juzi, kana kwamba ni udhuru wa mtu asiyejua alichoharibu. Hayakusemwa ili mwenye kuvukuta aendelee kukaa. Yanamwambia aache mvukuto, ainuke, azunguke upande wa pili wa moto wake, na akikuta kitu huko, akiseme mkono ukiwa wazi. Mwenye mvukuto haoni cheche zinapotua.