Shekue na Jini la Kisimani

Mnanidai ngano kana kwamba mgongo wangu hauumi. Haya, kaeni, na wewe acha kunitafunia muwa sikioni.

Palikuwa na Shekue, msimamizi wa wachimba kisima. Hakutulia, alizunguka shimo kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kuuliza mtu aliona ni aibu.

Siku ya kwanza fundi Kihiyo akamwita kutoka shimoni, "Bwana, kuna mtu anapumua chini ya mchanga."

"Nimeshaamua. Chimba."

Siku ya pili, "Bwana, sasa anakoroma."

"Nimeshaamua. Chimba."

Siku ya tatu, "Bwana, kaamka."

"Nimeshaamua. Chimba, mwoga wewe."

Sururu ikamgonga jini utosini. Akainuka, akawakaba Kihiyo na wenzake, akauliza, "Nani aliyeamua?"

Wote wakanyoosha vidole juu. Shekue pale ukingoni akasema, "Tuliamua pamoja."

Jini akacheka. "Siku tatu nimesikia sauti moja tu ikiamua."

Akawaachia wachimbaji, akaichukua sauti hiyo. Tangu hapo Shekue akishikwa na kiu, hukaa akingoja mtu amuulize anataka nini.