Mama Tusekile na Mbwa wa Kyela

"Mbwa mgeni haitwi, husubiriwa." Mmeyasikia maneno hayo leo asubuhi, na mnataka kujua yametoka wapi. Basi ketini. Yalianzia hapa hapa kijijini, chini ya mlima Rungwe, na mimi nilikuwapo. Tena kosa lilikuwa langu.

Palikuwa na mjane, Mama Tusekile, aliyeishi peke yake katika nyumba ya mwisho, pale migomba inapokoma na msitu kuanza. Mwaka ule chui alimchukulia mbuzi wawili, mchana kweupe. Kaka yake akamletea mbwa kutoka Kyela, dume la rangi ya majivu, kisha akarudi zake bila hata kutaja jina la mbwa.

Mama Tusekile aliwaogopa mbwa tangu alipoumwa utotoni. Na yule mbwa alimwogopa yeye. Aliingia uvunguni mwa kitanda, akakataa kutoka. Mama akahamia jikoni, akawa analala huko na mlango ameukomea. Hata hivyo kila asubuhi alisukuma bakuli la maji na tonge la ugali karibu na kitanda, mngurumo ukimfuata hadi nje.

Siku ya tatu nilikwenda kumsalimu, akanieleza.

"Mama, huyo ana kichaa," nikasema. "Mbwa mzima hakatai chakula siku tatu."

"Hana kichaa, Ambilikile. Maji anakunywa. Mwache."

Sikumwacha. Nilichukua mpini wa jembe, nikamchokoa. Akachomoka, akanipita katikati ya miguu, akatokomea msituni.

Tukamfuata, na majirani wakaja. Kila mtu akamwita kwa jina alilolijua yeye: "Popi! Jasiri! Simba!" Ukungu ulikuwa umeshuka. Tulimkuta ukingoni mwa korongo, mkia ameufyata, anatetemeka. Kila tulipoita, alirudi nyuma hatua moja.

"Nyamazeni," Mama Tusekile akasema. "Rudini nyumbani, wote."

"Mama, chui yumo humu!"

"Najua. Rudini. Mnamtisha."

Tukarudi hadi kwenye migomba. Ukungu ukamfunika, tusimwone tena.

Yaliyompata alinisimulia mwenyewe. Aliketi chini, akamgeuzia mbwa mgongo, akaweka tonge la ugali kando yake. Hakuita. Alikaa mpaka nguo zikalowa umande. Mara ndege wakanyamaza wote kwa pamoja. Kijiti kikavunjika nyuma yake. Halafu nyayo, polepole. Zinasimama, zinaanza tena.

Alijua chui huja kwa nyuma.

"Nilitaka kugeuka," aliniambia. "Lakini nikawaza: nikigeuka, na kama ni mbwa, nimempoteza. Nisipogeuka, na kama ni chui, nimekwisha."

Hakugeuka. Pumzi ya moto ikamfikia shingoni. Akafumba macho, akaanza kusali, maneno yakamwishia njiani. Kisha akasikia ugali unatafunwa, na kitu cha baridi, chenye unyevu, kikamgusa kifundo cha mkono. Ilikuwa pua.

Hakumpapasa. Aliinuka tu, akaanza kutembea.

Sisi tulimwona yeye kwanza akitokeza kwenye ukungu. Nyuma yake, hatua kama tano, mbwa. Nilifurahi mno, nikafumbua mdomo nimwite. Mama Tusekile akanikazia macho, nikaufumba.

Kesho yake nilikwenda pale korongoni. Kwenye matope nilikuta alama ya mahali alipoketi, na mbele yake, hazizidi hatua kumi na tano, nyayo za chui. Zilifika hapo, zikasimama, zikageuka. Nilikimbia mpaka kwake, nikamkuta mlangoni anachambua mboga, mbwa amelala mbali kidogo, jicho moja wazi.

"Mama," nikasema, "uliwezaje kukaa pale, kimya, bila hata kumwita?"

Akatupa jani bovu kando.

"Na mimi niliogopa, mwanangu, kama yeye. Lakini mbwa mgeni haitwi, husubiriwa."