Kiboko Aliyejimilikisha Moshi

"Ngano, ngano!"

"Isage tuile!"

"Ina pumba kidogo!"

"Tutapepeta wenyewe!"

Haya, mpepete basi, mimi nasema tu.

Palikuwa na bonde linaitwa Mwasa. Milima huku, milima kule, mto katikati, na kando ya mto miwa imejaa tele. Humo alikaa Kiboko. Kiboko alikuwa na nguvu, Kiboko alikuwa na tumbo, na Kiboko alipenda utamu kuliko alivyompenda mama yake mzazi.

Siku moja akasema, "Kutafuna muwa mmoja mmoja kunachosha taya. Nitachemsha sukari guru."

Akajenga meko, akapandisha makarai makubwa, akaweka kinu cha kukamulia. Wanyama wakaja kufanya kazi. Kinu kikalia kwiche-kwiche, kwiche-kwiche. Karai likalia gubu-gubu, gubu-gubu. Moto ukalia vuuu! Kila mfanyakazi jioni alipewa kipande cha sukari guru, na Kiboko akala kilichobaki. Na kilichobaki, jamani, kilikuwa karibu chote.

Meko yakaongezeka. Miti ikakatwa, ikatiwa motoni mibichi hivyo hivyo, majani na yote. Moshi ukapanda. Ukafika juu, ukakuta milima imeziba njia, ukakaa pale pale. Ukatanda juu ya bonde kama blanketi la msimu wa baridi, na msimu ulikuwa wa joto. Chini ya blanketi hilo watu wa Mwasa wakaiva kama viazi. Usiku ukawa na joto kama mchana. Nyuki wakahama. Mto ukapungua, ukapungua, mpaka vyura wakawa wanaruka kutoka dimbwi hadi dimbwi wakiombana radhi kwa kukanyagana.

Sasa, juu kwenye majabali, pale moshi unapofikia kwanza, alikaa Bi Pimbi na wanawe. Mnamjua pimbi? Mdogo, hana mkia, hana pembe, hana mbio za kutisha. Ana mdomo tu. Mwanawe wa mwisho, Kipute, alikuwa anakohoa. Koho-koho asubuhi, koho-koho jioni. Kisha akaacha kucheza. Kisha akaacha kula. Bi Pimbi akamgusa kifua, akakisikia kinakwaruza ndani kama mchanga kwenye kibuyu. Akasimama, akashuka mlima, chu-chu-chu-chu, mpaka kwa Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Umekuja kufanya kazi?"

"Nimekuja kuomba. Mwanangu anaumwa na moshi wako. Punguza meko. Halafu badala ya kuni mbichi, anika makapi ya miwa, uchome hayo. Yakikauka vizuri hayatoi moshi mwingi."

Kiboko akafumba jicho moja. "Kuanika makapi ni kusubiri. Kusubiri ni gharama. Kujenga meko mapya ya kuchomea makapi ni gharama. Nani atalipa?"

"Wewe, Bwana."

Kiboko akacheka mpaka maji ya dimbwi yakamwagika. "Bi Pimbi! Nenda kampe mtoto maji ya uvuguvugu."

Bi Pimbi hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Twiga, mwenyekiti wa baraza, akamwomba aite mkutano. Twiga akakubali haraka, maana yeye kichwa chake kilikuwa ndani ya moshi siku zote. Alikuwa hajaona miguu yake tangu mavuno.

Wakakusanyika. Twiga akafungua baraza: "Ndugu wana-koho-Mwasa, leo tunajadili koho-koho, tunajadili... endeleeni."

Kiboko hakuja peke yake. Alikuja na Kasuku, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amelishwa sukari guru mpaka mdomo unanata.

"Huyu ni mtaalamu," alisema Kiboko. "Mtaalamu, tukipunguza meko itakuwaje?"

"Gharama!" akasema Kasuku. "Gharama! Gharama!"

"Mmesikia? Na wale Nyani wa ng'ambo ya mlima, si wanachoma kuliko sisi?"

"Kuliko sisi! Kuliko sisi!"

"Basi kwa nini tuanze sisi?"

"Tuanze sisi!" akasema Kasuku, kisha akatazamwa na Kiboko, akajirekebisha. "Kwa nini! Kwa nini!"

Ndipo Ngiri akasimama. Ngiri huyu ndiye aliyekuwa akichimba mashimo ya meko. Hakulishwa na mtu. Alisema la moyoni. "Mimi nina watoto wengi, mnawajua. Moshi unatuumiza, sikatai. Lakini meko yakizimwa kesho, kesho hiyo watoto wangu watakula nini? Bi Pimbi, niambie, usinifiche."

 Bi Pimbi akaitikia kwa kichwa, maana neno la Ngiri lilikuwa la kweli, na neno la kweli halirukwi kama kijito.

Akauliza taratibu, "Mtaalamu, katika hiyo gharama yako, umehesabu mto unaokauka? Umehesabu nyuki? Umehesabu kifua cha mwanangu?"

Kasuku akamtazama Kiboko. Kiboko akamjibia: "Hivyo havihesabiwi. Sukari ni yangu, ndiyo maana ikipungua nalia. Moshi hauna mwenyewe. Ukishatoka mekoni si wangu tena, ni wa Mungu na upepo."

"Hauna mwenyewe?"

"Hauna!"

Bi Pimbi akatikisa kichwa. Akatembea chu-chu-chu mpaka katikati ya baraza, akageuka, na mkisikia alichosema mtashangaa kama walivyoshangaa wao.

"Ndugu zangu, nimekosea. Bwana Kiboko ana haki. Meko yasizimwe hata moja."

"Ah!" wakasema wanyama.

"Tena ninamwonea huruma, maana anaibiwa."

Masikio ya Kiboko, yale madogo, yakasimama. "Naibiwa? Na nani?"

"Na sisi sote. Hebu nusa huo moshi, Bwana. Unanukia nini?"

Kiboko akanusa. "Sukari."

"Sasa huo utamu unaonukia hewani umetoka wapi, kama si kwenye karai lako? Utamu wenyewe unapanda, kwako linabaki donge. Sisi kule juu tunavuta bure asubuhi mpaka jioni. Hata huyo Twiga, unafikiri shingo ile imerefuka kwa majani tu?"

Twiga akataka kukana, akakohoa.

Kiboko akaanza kutetemeka kwa hasira. "Mnanila! Mnanila mchana kweupe! Tangu leo moshi wote ni wangu!"

"Wote?" akauliza Bi Pimbi.

"Wote! Hata ule mwembamba kama uzi!"

"Na joto lake?"

"Langu!"

"Na chochote kinachotoka ndani yake?"

"Changu! Baraza liwe shahidi!"

"Liwe shahidi! Liwe shahidi!" akasema Kasuku. Hapo hakuambiwa na mtu, ilimtoka tu.

"Basi usiuache hewani," akasema Bi Pimbi. "Kwenye majabali yetu kuna pango. Ngiri atachimba mfereji kutoka kwenye meko mpaka humo, tufunike kwa mawe na udongo. Moshi wote utaingia pangoni. Wewe unakaa ndani, unavuta peke yako."

Kiboko akameza mate. "Na mlango wa pango? Si utavuja?"

"Hilo ndilo linanisumbua, Bwana. Mlango ni mkubwa. Sijui tupate kitu gani kinene cha kuuziba."

Kiboko akajitazama huku, akajitazama kule, akapata akili. "Mimi mwenyewe!"

"Lo! Hilo sikuliwaza," akasema Bi Pimbi.

Ngiri akachimba. Fuku-fuku, fuku-fuku. Alichimba akinung'unika, maana hakuelewa, lakini Bi Pimbi alimnong'oneza, "Chimba, ndugu yangu. Watoto wako nimewakumbuka." Meko yakafunikwa, mfereji ukafunikwa. Ulipokwisha, Kiboko akapanda majabalini, ti! ti! ti! Akatanguliza kichwa, akasukuma mabega, akasukuma tumbo, akasukuma, akasukuma... gwap! Makalio yakaziba mlango. Hapakubaki hata upenyo wa kupita sisimizi. Nyuma kilionekana kimkia tu, kinapunga.

"Uleteni!" ikasikika sauti ndani.

Wakachochea meko yote. Moshi ukaingia mferejini, vuuu!

Bi Pimbi akapanda juu ya pango, penye ufa mdogo wa kupitisha sauti. "Bwana Kiboko, vipi?"

"Tamu," akasema Kiboko. "Tamu sa... chyaa!... sana."

Huku nje, jamani, kilitokea kitu. Blanketi lilianza kuchanika. Kwanza kipande kidogo cha buluu, kisha kikubwa. Upepo ukapita bondeni ukiwa mtupu. Twiga akainamisha kichwa, akasema, "Ah! Kumbe miguu bado ipo!" Watoto waliozaliwa mwaka huo wakakimbilia kwa mama zao wakipiga kelele kwamba juu kumetoboka.

"Bwana Kiboko, vipi?"

"Koho! Zimeni meko moja."

"Haiwezekani, Bwana. Gharama!"

"Gharama! Gharama!" akasema Kasuku kutoka kwenye tawi.

"Koho-koho! Zimeni mawili!"

"Na Nyani wa ng'ambo je? Wao hawajazima. Kwa nini tuanze sisi?"

"Kwa nini! Kwa nini!" akasema Kasuku.

"Nitatoka!" akanguruma Kiboko. Akasukuma kurudi nyuma. Wapi! Akajaribu kugeuka. Wapi! Kimkia kikapunga kwa kasi kama pangaboi. "Bi Pimbi! Macho yangu! Kifua changu!"

"Kifua hakihesabiwi, Bwana. Ulisema mwenyewe."

 Kisha sauti ikatoka, ndogo, ya kitoto, sauti ambayo Mwasa hawakuwahi kuisikia kwa Kiboko. "Bi Pimbi. Inauma."

 Bi Pimbi alikuwa na mdomo, lakini hakuwa na moyo wa jiwe, na kikohozi kile alikijua, alikuwa akilala nacho kila siku. Akainama karibu na ufa. "Najua inauma. Nikizima meko, gharama atalipa nani?"

"Mimi!"

"Ya kujenga meko mapya?"

"Nitalipa!"

"Ya Ngiri na wenzake, wakati makapi yanakauka na hakuna kazi? Watapewa kipande chao kila jioni kama kawaida?"

"Koho! Nitawapa! Nitawapa viwili!"

"Na miti uliyokata?"

"Nitapanda! Nitapanda kwa meno yangu! Zima, dada yangu, zima!"

"Zimeni!" akapaza sauti Bi Pimbi, na wanyama wakamwaga maji, chwaa! chwaa! chwaa! Kisha wakamshika Kiboko miguu ya nyuma, Ngiri akashika kimkia kwa meno, wakavuta. Hee-sa! Hee-sa! Pwaa! Akatoka, mweusi kama sufuria, machozi yamechora mistari mashavuni, akabingirika mpaka mtoni, akalala kwenye kidimbwi kilichobaki, ambacho hakikumfunika hata tumbo.

Alipopata pumzi akafumbua jicho moja. "Sasa," akasema, "yale maneno ya mle ndani... nani aliyasema? Mimi sikusema. Ule ulikuwa moshi unasema."

Wanyama wakaguna. Ngiri akainua pembe zake za mdomoni. Lakini Twiga, ambaye sasa hakuwa anakohoa, alifikisha sentensi yake mwisho kwa mara ya kwanza mwaka ule: "Bwana Kiboko, baraza ni shahidi. Ulisema moshi ni wako na chochote kinachotoka ndani yake. Kama yale maneno yalitoka kwenye moshi, basi ni yako."

Kiboko akafikiri. Akafikiri tena. Akazama, lakini maji yalikuwa machache, akili yote ikabaki nje. "Haya," akasema.

Na akalipa. Nisiwadanganye kwamba hakuna kilichopungua. Msimu ule sukari guru ilikuwa chache, na Kiboko alipungua tumbo, akawa analia kila akijiona majini. Makapi yalichelewa kukauka, na kuna jioni vipande vilikuwa vidogo, Ngiri akanung'unika. Lakini hakuna mtoto wake aliyelala njaa. Nyuki walirudi kwanza kwa kundi dogo la kupeleleza, kisha wote. Mto ulichukua muda wake, maana mto haujui haraka. Nao Nyani wa ng'ambo, walipoona upande wa pili wa mlima kumekuwa na buluu, wakatuma mtu kuuliza makapi yanaanikwaje.

Kasuku sasa analishwa na Bi Pimbi. Ukimuuliza atakwambia, "Nafuu! Nafuu!"

Na Kipute? Asubuhi moja aliamka, akaruka juu ya tumbo la mama yake, akasema, "Nina njaa." Bi Pimbi alikaa pale juu ya jabali akamtazama anavyokula, akasahau kula yeye.

Sasa funzo. Mnataka funzo? Ngano bila funzo ni kama kulipa nauli usisafiri. Sikilizeni vizuri: uchoyo ni mbaya. Yule Kiboko kilichomponza si kuchoma kuni. Kilichomponza ni kutaka moshi wote awe nao peke yake. Angekuwa mkarimu, angeendelea kutugawia sote, wakubwa kwa wadogo, wagonjwa kwa wazima, bila ubaguzi, mpaka leo angekuwa na tumbo lake na afya yake. Basi nanyi, mkijaliwa moshi, msiwe wachoyo. Mpelekeeni jirani.

Ngano yangu imefika ukingoni, mimi nimebaki huku, nyinyi vukeni. Aliyecheka amelipa, aliyesinzia nitamdai kesho.