Kwale Aliyeonyeshwa Kanga Kabla ya Siku

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nyinyi hamjala? Paukwaaa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Wewe wa nyuma acha kucheka, nitakutia ndani ya hadithi.

Zamani, zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa nguo, Kwale alikuwa na shoga yake, Buibui. Buibui alikuwa fundi wa kanga. Mikono miwili inafuma, miwili inatia rangi, na mingine inasonga ugali wa watoto.

Binti Swala akachumbiwa. Buibui akapewa kazi ya kutengeneza sare ya harusi. Na desturi ya huko ilikuwa hii: kanga ya sare haionekani, wala jina lake halitajwi, mpaka asubuhi ya harusi. Mmoja tu huiona mapema, naye ni mfuaji. Huifua mara tatu, aone kama inachuja, kisha amwambie fundi.

Buibui akampa Kwale doti ya kwanza. "Shoga, nimekuamini. Ukiona kasoro niambie mimi, usimwambie mwingine. Sare hii ikiharibika hakuna atakayenipa kazi tena, na wanangu watalala na njaa."

"Mie tena, shoga? Siri hii nitazikwa nayo!"

Mazishi gani, jamani! Siri haikufika hata jioni.

Kwale akafua mara ya kwanza. Lo! Maji mekundu pyu! Akaenda akamwambia Buibui.

"Ahsante, shoga," akasema Buibui. "Kumbe magome ya mkoko peke yake hayatoshi. Nitaipika tena kwa chumvi."

Yangeishia hapo, mimi ningekuwa nimekwenda zangu kulala. Lakini njiani Kwale akakutana na Kunguru, mchuuzi wa nguo. Ulimi ukamwasha.

"Kaka Kunguru, nimeona kitu! Lakini sisemi."

"Basi usiseme."

"Ni nyekundu!"

"Sikukuuliza."

"Imeandikwa 'Tucheke Pamoja, Tusichekane'! Imepikwa kwa magome ya mkoko! Ila inachuja, maskini shoga yangu."

Kunguru hakungoja salamu ya kuagana. Akaruka moja kwa moja mpaka kwenye mikoko.

Kwale akafua mara ya pili. Maji yakageuka rangi kidogo tu. Akafua mara ya tatu. Maji safi, ungeyanywa! Akakimbia kwa Buibui, huku akipiga vigelegele. Akamkuta amekaa juu ya rundo la kanga, analia.

"Kunguru ameuza sare mji mzima," akasema Buibui. "Rangi ile ile, jina lile lile. Tena anatangaza, 'Ya Buibui inachuja, mfuaji kasema mwenyewe!' Shoga, nani kamwambia?"

Kwale aliona haya. "Ni mimi, shoga. Nisamehe."

Buibui akamgeuzia mgongo.

Kwale akatoka mbio, akaenda kwa Ngiri. "Ya Kunguru ndiyo inayochuja, haikupikwa kwa chumvi! Ya Buibui imepona!"

"Juzi ya Buibui mbovu, leo nzuri," akasema Ngiri. "Tushike lipi?"

Akaenda kwa Mama Kobe. Mama Kobe akaingiza kichwa ndani, asimsikilize.

Akaenda kwa Swala mwenyewe. "Kwale," akasema bibi harusi, "mdomo wako una misimu mingapi?"

Asubuhi ya harusi ikafika. Wageni wote wamejifunga kanga za Kunguru, na mawingu yanajikusanya. Kwale naye akaja na ya Kunguru, kajifunga mpaka shingoni. Uani palikuwa na pipa la maji ya wapishi. Akapanda juu yake.

"Jamani! Maneno yangu mmeyakataa, na mna haki. Basi tumieni macho!"

Chubwi!

Akatoka anachuruzika wekundu, koo jekundu, miguu myekundu, kila mahali pekundu. Watu wakatumbua macho. Kisha Ngiri akaangua kicheko, Swala akacheka mpaka machozi, na Buibui akacheka kuliko wote. Mpishi peke yake alikuwa akililia maji yake.

"Vueni kabla mvua haijawavua!" akapiga kelele Kwale.

Eh! Mbio zile! Wote kwa Buibui, rundo likaisha. Kunguru akafukuzwa na wake za watu, kaa, kaa, kaa, mpaka mti wa mwisho. Mvua ikanyesha, ngoma ikachezwa ndani ya mvua, na hakuna aliyechuja.

Buibui akamfunika Kwale doti mpya. "Sare nyingine utanifulia, shoga. Lakini ukitoka kwangu, nenda moja kwa moja nyumbani."

Kwale akajisugua siku saba. Rangi haikutoka. Ndiyo maana mpaka leo ana koo jekundu na miguu myekundu.

Basi shikeni hili, wanangu: ukionyeshwa kitu kabla ya siku yake, hukupewa ukitangaze. Ukiona kasoro, mwambie fundi. Yeye kesho atairekebisha, lakini ukimwambia mwingine, neno lako litakuwa limekwisha fika sokoni, na kulirudisha ni kazi ya kuingia pipani.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe niimeze.