Mnunua Sikio Hubeba Chungu Chake

Mnunua sikio hubeba chungu chake. Jana mlimsikia jirani akimwambia hivyo mwanawe, yule anayetamani saa ya mkononi ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo, nanyi mkacheka: sikio linauzwa wapi, na chungu ni cha nini? Sogeeni. Kila methali ina kwao, na kwao methali hii ni Ugweno, katika milima ya Upare, kwa mfinyanzi mmoja aliyeitwa Nakiete.

Kwanza kitendawili. Nina watoto wengi. Mzima nikimgonga huimba, mgonjwa nikimgonga hukohoa. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimeichukua Same yote pamoja na mnada wake. Jibu ni vyungu.

Chungu kikishatoka motoni na kupoa, mfinyanzi hukiinua kwa mkono mmoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kizima hutoa mlio unaokaa kidogo hewani kabla ya kwisha. Chenye ufa, hata ufa ule ambao jicho haliuoni, hulia pa, basi. Nakiete alikuwa na sikio ambalo wafinyanzi wenzake waliliazima. Walimletea vyungu vyao awagongee. Cha kwake kikikohoa, alikivunja palepale, hata kama kilimla siku nne za kazi. Ndiyo maana katika soko la Mwanga vyungu vya wengine viligongwa na wanunuzi, vya Nakiete vilibebwa tu. Hilo ndilo lililokuwa jina lake, na hakuwa na mali nyingine ya kulizidi.

Alipovuka miaka sitini, masikio yakaanza kufunga. Yeye hakusema yanafunga. Alisema watu wa siku hizi wanaongea wakiwa na chakula mdomoni. Alimwambia mchungaji, mbele ya wazee wa kanisa, kwamba mahubiri si siri. Vyungu akaendelea kuvigonga, ila sasa alisikiliza kwa kidole, akitafuta mtetemo, na kidole nacho kilikuwa kimezeeka pamoja na mwenyewe.

Palikuwa na mwanamke aliyepika makande karibu na stendi, Mama Mbonea, ambaye kwa miaka ishirini hakuinjika chungu cha mtu mwingine. Siku moja ya soko alifika na kanga iliyofungwa fundo, akaifungua miguuni pa Nakiete. Vilikuwa vigae. Chungu kilikuwa kimepasuka mekoni, makande ya watu wa msibani yakamwagika yote na kuzima moto. Mama Mbonea hakupaza sauti. Alisema neno moja kwa upole, na Nakiete akalazimika kumwomba arudie, kisha arudie tena, hadi soko zima likageuka kusikiliza.

"Nimekuuliza, dada, siku hizi unagonga au unabahatisha?"

Kuanzia siku hiyo wanunuzi wakaanza kuvigonga vyungu vya Nakiete. Waligonga kwa heshima, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa, lakini waligonga.

Habari ya masikio alimwambia binti yake tu, Elifuraha, aliyekuwa karani wa ofisi moja mjini Moshi. Elifuraha akampeleka kwa daktari. Daktari akampima, akasema usikivu umepungua ila kifaa cha kuvaa sikioni kitamsaidia, akaandika vipimo kwenye karatasi. Vifaa hivyo watu wa kwetu huviita masikio tu. Wakaenda kwenye duka linaloviuza, duka lenye zulia na mapazia mazito, ambamo hata mlango ulifungwa kimyakimya. Fundi wa pale, Bwana Kihiyo, aliweka vitatu mezani, kisha akauliza swali jema: mama anashughulika na nini?

Nakiete alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Kucha alikuwa amezisugua tangu alfajiri. Akajibu kama wanavyojibu wanawake wengi wakiulizwa na mtu wa mjini: "Niko nyumbani tu."

Basi Kihiyo akampendekezea cha mtu aliye nyumbani tu. Kilikuwa kidogo kama punje ya choroko, kinaingia ndani ya tundu la sikio, na sauti yake huongezwa na kupunguzwa kwa simu ya kugusa. Elifuraha akamsemea sikioni kwamba kwa kile hakuna atakayejua. Hakuhitaji kuongeza neno. Wakakijaribu: Elifuraha alisimama kwenye pazia akasema "Mama," na Nakiete akasikia, akatabasamu. Wakaondoka nacho.

Siku za mwanzo zilikuwa za furaha. Alisikia mvua kwenye bati, akasikia pia jinsi mkwewe anavyomsema jikoni, akanyamaza akafaidi. Kisha ikaja siku ya kufinyanga. Upepo ulipovuma, kifaa kikapiga mluzi. Alitaka kukipunguza sauti, lakini mikono ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko, na simu haitaki kidole chenye udongo. Akanawa, akapunguza, akarudi kazini. Mbwa akabweka, akanawa tena. Alipomaliza kunawa mara ya saba, mdomo wa chungu ulikuwa umekauka na kupasuka ukimsubiri.

Hilo angelivumilia. Lililomkata maini ni siku ya kugonga. Kifaa kile kilikuwa kimefundishwa adabu za ofisini: kilituliza kila kishindo cha ghafla ili mwenye nacho asishtuke. Na mgongo wa chungu ukigongwa ni kishindo cha ghafla. Akagonga cha kwanza, cha pili, cha kumi. Vyote vilimjibu kwa sauti moja iliyofunikwa, kama watoto walioagizwa wasiseme. Vyungu thelathini vilikuwa vimepangwa uani, na hakujua kipi kizima. Soko la wiki ile Nakiete hakwenda, na hapo nyuma hata alipofiwa na mumewe alikosa soko moja tu.

Elifuraha alipokuja Jumamosi alimkuta mama yake amekalia kigoda, akikigonga chungu kizuri kwenye kizingiti cha mlango, polepole, kwa makusudi, mpaka kikapata ufa mwembamba kama unywele. Akakiweka kwenye kapu pamoja na viwili vya kuhifadhia maji humo nyumbani, vizima visivyovuja, vinavyofanana nacho. Akafunga bonge la udongo mbichi kwenye jani la mgomba, akaliweka juu yake. Akasema wanarudi Moshi.

"Na hivyo vyungu?"

"Tunakwenda navyo."

"Mama, duka lile lina zulia. Nani huenda kununua kitu dukani amebeba chungu?"

"Mnunua sikio," alijibu Nakiete. "Mnunua sikio hubeba chungu chake. Mimi niliacha changu nyumbani, ndiyo maana nikauziwa sikio la mtu mwingine."

Dukani Bwana Kihiyo alipoona kapu alifikiri mama ameleta zawadi, akaanza kushukuru. Nakiete akamwomba gazeti la kutandika chini, akapiga magoti, akaukanda udongo hadi viganja vikawa vyekundu. Hapo fundi akaelewa, akavua koti.

"Mama yangu, mbona uliniambia uko nyumbani tu?"

"Nyumbani kwangu ndiko vyungu vinakotoka, baba. Niliona haya kusema. Sasa vichanganye vyungu hivi vitatu, mimi nikiwa nimekupa mgongo."

Kifaa cha pili kilikuwa na kitufe kidogo kama jicho la sindano. Kidole chenye udongo kilikipita bila kukiona. Cha tatu kilikuwa kikubwa, rangi ya mahindi ya kuchoma, cha kuning'inia nyuma ya sikio. Kilikuwa na gurudumu lenye meno, na Nakiete aliligeuza kwa kifundo cha kidole bila kunawa. Kihiyo akakiondolea ile adabu ya kutuliza vishindo. Nakiete akageuka, akagonga chungu cha kwanza. Akagonga cha pili. Akarudi kwenye cha kwanza, akakigonga tena, na machozi yakamlengalenga.

"Hiki kinakohoa," alisema.

Kihiyo akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akauona ule unywele.

Elifuraha alikuwa na neno moja bado. Alisema kifaa hicho kitaonekana na kila mtu, na watu wakijua mfinyanzi ni kiziwi, nani atakiamini kidole chake? Hofu hiyo ilikuwa ya Nakiete kabla haijawa ya mwanawe. Ndiyo iliyomchagulia punje ya choroko.

"Ufa wa chungu changu wameshauona," alisema. "Waone na sikio."

Siku ya soko alifunga kitambaa chake nyuma ya masikio, si juu yake. Watu walitazama wakajifanya hawatazami. Mama Mbonea peke yake ndiye aliyesimama mbele yake, akauliza hicho ni nini.

"Ni sikio, dada. Langu lilichoka nikalificha. Siku ile uliniuliza nikakosa jibu. Nilikuwa nabahatisha."

Kisha akageuza gurudumu, akagonga chungu kimoja baada ya kingine mbele ya wote. Cha tano kilikohoa. Nakiete akakiinua, akakiachia kwenye jiwe. Mama Mbonea akainama, akachagua chungu kikubwa cha makande, akajitwika kichwani bila kukigonga, akaenda zake.

Maneno ya Nakiete hayakuishia kwenye masikio. Elifuraha aliyasimulia ofisini, Kihiyo akawa anawaambia wateja wake, na leo huambiwa hata mkulima anayetaka simu ya kioo chembamba, na mpanda boda anayetaka miwani inayoingiza ukungu. Duka halijui siku yako inavyokwenda; usipoibeba mwenyewe ukaiweka pale mezani, utarudi na kifaa kizuri cha mtu usiyemjua. Mnunua sikio hubeba chungu chake.