Mulatya na Tandala Mwenye Dharau

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni!
Imekuja na nini?
— Na utamu wake!
Na anayesinzia?
— Mfinyeni!

Hapo kale, kale sana, wanyama walikuwa bado wanazungumza na watu. Waliacha baadaye, walipochoshwa na upuuzi wetu. Siku hizo, chini ya kilima chenye mawe, aliishi mwindaji jina lake Mulatya, pamoja na mkewe Syokau na watoto wao.

Mulatya alijua kulenga mshale. Kujisifu alijua zaidi. Akipiga kanga mmoja, kijiji kizima kilisikia habari za kanga huyo mpaka watu wakatamani kanga angepona.

Mwaka huo mvua ilikuwa haba. Kilichobaki ni shamba la kunde, na kunde zenyewe zilikuwa na mlaji. Alikuwa tandala dume, mzee, mkubwa kama ng'ombe, pembe zimesokotwa kama kamba. Kila jioni alishuka, akala, akashiba, akajamba, akaenda zake.

Syokau akasema, "Baba watoto, mnyama anamaliza chakula chetu. Kunde zikiisha, nachukua wanangu narudi kwetu. Wewe utabaki hapa ule sifa zako."

Mulatya akashtuka. Akachukua shoka, akajenga ulingo juu ya mti, mahali pa kukaa na upinde wake. Alichagua mti gani? Mti wenye kivuli kizuri, kando ya shamba, karibu na nyumba, ili uji umfikie ukiwa moto. Akala maharage, akapanda, akakaa. Upepo ukampuliza mgongoni, ukabeba harufu yake yote ukaipeleka bondeni.

Jioni ikafika. Tandala hakuonekana. Ikaja sauti tu kutoka vichakani:

"Mulatya! Umekula maharage leo?"

"Nani amekwambia?"

"Upepo. Ningekuwa mkeo, ningelala jikoni."

Mulatya akashuka na aibu yake. Alipoingia ndani tu, tandala akaja akala kunde.

Kesho yake Mulatya akatafuta nyayo. Akaona njia iliyojaa kwato tele, akacheka. "Hapa ndipo anapopita!" Akajenga ulingo wa pili juu ya mgunga wenye miiba. Jioni wakapita tandala majike, wakapita ndama, wakapita majike wengine. Dume hakuja. Mulatya akanyoosha shingo, akanyoosha tena.

Sauti ikatoka nyuma yake: "Mzee mzima unachungulia wake zangu? Huna haya?"

Mulatya akageuka kwa kishindo. Ulingo ukavunjika. Akapita katikati ya miiba yote iliyokuwa katika mti ule, akafika chini akiwa nayo.

Usiulize ilimwingia wapi. Syokau aliitoa mmoja mmoja, mara anacheka, mara analia. Alipomaliza, akaanza kufunga mizigo.

"Nivumilie kidogo, mke wangu," Mulatya akasema, amelala kifudifudi.

"Kidogo tu," akasema Syokau. Wala mizigo hakuifungua.

Safari hii Mulatya aliacha upinde nyumbani. Akafunga na mdomo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akatembea polepole, akirusha vumbi hewani aone upepo unakwenda wapi. Mbali na njia ya majike akaona unyayo mmoja mkubwa. Akaona mti uliochubuliwa magome kwa pembe, juu sana, kumpita kichwa. Akafuata, akafuata, mpaka akafika kwenye korongo chini ya shamba. Hapo majani yalikuwa yamekanyagwa, na upepo ulikuwa unatoka shambani.

"Kumbe!" akanong'ona. "Mshenzi huyu haingii shambani mpaka asimame hapa anuse!"

Basi akajenga ulingo mpya ng'ambo ya korongo, mahali ambapo upepo ungetoka kwa tandala kuja kwake. Mti wenyewe ulikuwa mbaya, hauna kivuli, umejaa chungu. Kisha akavua nguo yake, akaitundika kwenye ulingo wa kwanza, ule wa uji. Akaoga, akachukua upinde wake, akapanda mtini alivyozaliwa.

Jioni majike wakapita karibu. Mkono ukamwasha, akauzuia. Chungu wakamuuma mahali ambapo mtu hapaswi kuumwa. Akauma mdomo, machozi yakamtoka, hakusogea.

Tandala akaja. Akasimama korongoni, akainua pua kuelekea shambani.

"Hahaa! Yule pale ulingoni!" akasema. "Nitamsubiri ashuke akalale." Akatulia, amegeuza ubavu.

Mulatya akatia mshale kwenye upinde. Akavuta upinde, akavuta tena, akaachia. Mshale ukaingia nyuma ya bega.

Tandala akapiga magoti. "Haiwezekani! Nimekunusa kule!"

"Kule iko nguo yangu."

"Hujaifua tangu lini?"

"Tangu harusi."

Tandala akakata roho. Wapo wanaosema aliuawa na mshale. Wengine wanasema ni lile jibu.

Mulatya akapiga kelele za furaha, kijiji kikaja mbio, kikamkuta alivyo. Wazee wakatazama juu, akina mama wakajifunika macho, ila si sana.

"Nguo yako iko wapi?" Syokau akauliza.

"Iko kazini."

Syokau akavua kanga yake ya juu, akamfunga kiunoni, akacheka mpaka akakaa chini. Nyama ikagawiwa kila nyumba. Kunde zikakomaa, na mizigo ya Syokau ikafunguliwa.

Enyi mnaosikiliza, Mulatya alishindwa alipochagua mahali panapompendeza yeye. Alishinda alipokubali kukaa pabaya, baada ya kuchunguza mnyama anapita wapi. Na tandala alikufa kwa sababu alidhani anajua adui yuko wapi, akaacha kutazama kwingine.

Hadithi yangu naitua hapa chini. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka asiikanyage.