Umeme wa Nyumba ya Vyumba Sita

Ndugu zangu, leo nataka niwapigie mfano. Ninyi wa makamo yangu mnazikumbuka nyumba zetu za Tanga, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, na uani jiko la wote. Mita ya umeme ni moja. Kila mpangaji anatoa sehemu yake, luku, umeme wa kulipia kabla, inanunuliwa, na hakuna aliyeuliza nani kawasha taa na nani kazima.

Katika nyumba moja kama hiyo aliishi mjane, Bi Mashavu. Friji ya nyumba nzima ilikuwa yake, marehemu mumewe alimwachia. Aliuza barafu za ubuyu, lakini maji ya kunywa ya kila mtu yalikuwa humo, na samaki wa kila mtu. Mwezi wa Ramadhani juisi ya ukwaju ilitoka kwenye friji ile, jamvi likatandikwa ukumbini, vyumba sita vikafuturu pamoja. Ee, jamani! Leo nani anatandika jamvi ukumbini?

Chumba kilichopakana na cha Bi Mashavu alipanga Hemedi, dereva wa bodaboda. Aliingia pale kijana, hana kitu ila godoro. Siku nyingi akirudi alikuta Bi Mashavu kamfunikia chakula. Akamwita mama.

Hemedi alikuwa akiteswa na petroli. Nusu ya alichopata ilibaki kituo cha mafuta. Siku moja akapata pikipiki ya umeme. Alifurahi! Jioni anachomoa betri, anaiingiza chumbani, anaichomeka ukutani. Asubuhi imejaa, anaondoka. Pesa ya petroli inabaki mfukoni.

Sasa niulize: ule umeme ulikuwa wa nani?

Hemedi hakuwa mtu mbaya. Alijiambia, siku ya kuchanga nitawaeleza, nitaongeza changu. Siku ikafika. Fundi Kilua, mshonaji wa chumba cha mbele, ndiye aliyekusanya. Hemedi akatoa kile kile cha siku zote. Ulimi ukawa mzito. Si tunaujua uzito huo?

Luku iliyokuwa ikimaliza mwezi ikaisha siku ya ishirini. Mwezi uliofuata, hivyo hivyo. Fundi Kilua akawaita watu uani.

"Humu ndani kuna kitu kinakula umeme," akasema.

Macho yote yakaenda kwenye friji.

"Friji hii ina miaka ishirini humu," Bi Mashavu akajibu. "Imeanza kula umeme juzi?"

"Imechakaa, Bi Mashavu. Vitu vikuukuu ndivyo vinavyokula. Tena wewe unafanyia biashara." Fundi akageuka. "Hemedi, mbona kimya? Unasemaje?"

Bi Mashavu naye akamtazama Hemedi.

Hemedi akainamisha kichwa. "Wengi wameshasema," akajibu.

Basi. Hakusema uongo, mnaona? Hakumshtaki mtu. Alinyamaza tu.

Bi Mashavu akaizima friji, akaipangusa ndani na nje kwa kitambaa, taratibu, kama anayemwosha mtoto. Kesho yake mchuuzi wa samaki akainunua, akaiondoa kwa mkokoteni. Barafu zikakoma. Kila mtu akanunua maji yake dukani, akayanywa chumbani kwake.

Na luku? Ilisogea siku chache tu, ikaisha tena kabla ya mwezi.

Hapo Hemedi alishindwa kuvumilia. Akaenda akapiga hodi mlango wa pili.

"Mama, ni mimi. Ni pikipiki yangu. Naichaji ndani."

"Najua," Bi Mashavu akasema. "Mimi na wewe tunatenganishwa na ukuta mmoja. Kila jioni nasikia feni ya hiyo chaja ikivuma."

Hemedi akauliza: "Mbona hukusema?"

"Nilitaka useme wewe. Nikimwambia fundi, watakutoa humu, nawe nimekulea. Friji sikuililia, mwanangu. Nililia pale nilipokutazama, nawe ukatazama chini."

Siku ile ile Hemedi aliwakusanya watu uani, akakiri mbele ya wote. Akalipa ya nyuma. Akafungiwa mita yake ndogo, na hata alipojilipia umeme wake bado ulimgharimu kidogo kuliko petroli. Yaani angeweza kulipa tangu siku ya kwanza, na faida ikabaki! Akamnunulia Bi Mashavu friji mpya.

Mngependa niseme jamvi lilitandikwa tena. Halikutandikwa. Wapangaji wengine nao waliona heri kila mmoja awe na mita yake. Wakafungiwa. Sasa hakuna ugomvi wa luku nyumba ile. Bi Mashavu ana friji nzuri, na haina maji ya mtu ila yake. Magharibi ikiingia, milango sita imefungwa, na hakuna anayejua kama jirani yake ana cha kufuturia.

Ndugu zangu, pikipiki haina kosa. Kuchaji hakuna kosa, ni neema, tumshukuru Mungu. Lakini sisi tukipata nafuu, tunauliza inatoka mfukoni mwa nani? Tunalia kwamba ujirani wa zamani umekufa. Tunasema dunia imeharibika. Dunia ipi? Ujirani umeuawa na sisi, kwa neno moja tulilopaswa kulisema tukaona aibu.

Luku hununuliwa ikarudi. Imani ya jirani haiuzwi dukani.

Basi leo tukitoka hapa, kabla hujavua kanzu, kama kuna jirani unayebebesha mzigo wako naye hajui, au anajua na amekustahi, nenda kagonge mlango wake. Ukikosa pa kuanzia, anza na salamu.